Kumsindikiza mdogo wangu kumchukua mtoto Afrika Kusini: nafasi yangu ni ipi?

Maswali ya wasomaji na majibu yetu, Lubumbashi

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu kutoka komine ya Kampemba. Mimi ni mama wa watoto watano ambao wote wamekwisha kuwa watu wazima, na nimestaafu ualimu wa shule ya msingi. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye tumechangia baba na mama, anaishi Antwerpen, Ubelgiji, na ni raia wa huko. Hana mume, wala hakujaliwa kuzaa. Baada ya miaka mingi ya mafunzo, ya kuchunguzwa na ya kufika mbele ya hakimu, amejulishwa kwamba kuna mtoto wa miezi 11 huko Afrika Kusini ambaye amependekezwa amwasili, yaani awe mwanawe kisheria, na kwamba itambidi akae huko kwa wiki kadhaa hadi taratibu zikamilike. Anaogopa kuwa peke yake. Ameniomba nitoke hapa nimkute Johannesburg, nikae naye hadi siku atakapopanda ndege na mtoto.

Ninataka kwenda, lakini nyumbani maneno ni mengi. Kaka yetu mkubwa anauliza kwa nini mtu atafute damu asiyoijua wakati ukoo umejaa watoto, na anasema yeye mwenyewe yuko tayari kumpa mmoja wa wanawe. Mama yetu, ambaye hana tena nguvu za kusafiri, anataka mtoto apitishwe Lubumbashi abarikiwe kabla ya kwenda Ulaya. Majirani wananishauri nisiende mikono mitupu, bali niwapelekee wakubwa wa kituo anakolelewa mtoto zawadi ili mambo yasikawie. Mimi mwenyewe sijui nikifika pale nitakuwa nani. Naomba mnieleze kazi ya mtu anayesindikiza, karatasi ninazohitaji, na maneno ya kuwaambia ndugu zangu.

Mama mkubwa mtarajiwa, Kampemba

JIBU: Mama yetu mpendwa, swali uliloliweka mwishoni ndilo tunaloanza nalo, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea. Ukifika Johannesburg utakuwa mama mkubwa wa mtoto ambaye bado hajajua kwamba ana mama. Mbele ya sheria hutakuwa na nafasi yoyote: jina lako halimo katika faili, hutatia saini popote, wala hakuna ofisa atakayekuuliza maoni yako. Lakini kwa mdogo wako utakuwa nguzo ya kuegemea wiki zote hizo. Umeitwa umlee yeye, ili yeye apate nguvu za kumlea mtoto. Ukilishika hilo utajua la kufanya hata katika mambo ambayo hatukuyataja hapa.

Tunaamini sehemu hii itakuwa ngumu kwako kuliko visa. Kwetu, mtoto mchanga akiingia nyumbani hupita mikononi mwa kila mtu, kuanzia bibi yake hadi jirani wa ng'ambo ya barabara, na hiyo ndiyo furaha yenyewe. Mtoto aliyezaliwa humo ndani hadhuriki, kwa sababu amekwisha kujua sauti na harufu ya mama yake, na akizungushwa namna gani hurudi hapo hapo. Mtoto anayetoka kituoni hana pa kurudi. Walezi hufanya kazi kwa zamu, mmoja asubuhi, mwingine usiku, mwingine siku za mwisho wa juma, na mtoto hujifunza mapema kwamba kila mkono ni wa kupita. Au pengine amempenda mlezi mmoja kwa moyo wake wote, na ndiye huyo anayempoteza siku mnayokuja kumchukua. Kwa hiyo wataalamu wa jamii wanaoandaa familia hizi husisitiza kwamba katika wiki za kwanza mtu mmoja tu ndiye ampe maziwa, amwogeshe, ambadilishe nepi na kumwamkia usiku. Mtu huyo ni mdogo wako. Wewe utakwenda sokoni, utapika, utafua, utachemsha chupa, utapokea simu za ndugu na kutunza bahasha ya karatasi.

Usiku wa pili au wa tatu, mtoto atalia. Mdogo wako atamkumbatia, naye atajinyoosha kama ubao, ageuze uso, akunyooshee mikono wewe uliyesimama mlangoni. Kwa nini wewe? Kwa sababu mikono iliyokwisha kulea watano haitetemeki, na mtoto huhisi utulivu kabla ya kujua jina la mtu. Ukimpokea atalala upesi, na utadhani umesaidia. Lakini mdogo wako atabaki amesimama pale na kuhitimisha kile alichokiogopa miaka yote, kwamba yeye hakuumbwa kuwa mama. Usimpokee, Mama. Kaa kitandani karibu na mdogo wako, mwekee mkono mgongoni, mwambie alegeze mabega, amlaze mtoto kifuani pake na aimbe chochote hata kama sauti inakatika. Itachukua saa nzima badala ya dakika tano, na saa hiyo ndiyo mliyoifuata Johannesburg. Hatusemi kwamba sheria hii haina mlango: ikiwa mdogo wako hajalala siku mbili na anayumba kwa usingizi, mchukue mtoto ili mama apumzike, kisha akiamka yeye ndiye ampe chupa inayofuata.

Katika sanduku lako tia vitenge viwili vizito, visivyoteleza. Huenda mdogo wako, kwa miaka aliyokaa Ulaya, amesahau au hakuwahi kubeba mtoto mgongoni, na mafunzo yafanyike kabla ya siku ya kumpokea mtoto, kwa kutumia mfuko wa unga wa kilo chache. Mwonyeshe jinsi ya kuinama hadi mgongo uwe kama meza, kumtelezesha mtoto hadi shavu lake liguse mgongo, kupitisha kitenge chini ya makalio na kukivuta juu mpaka usawa wa makwapa ya mtoto, kukaza ncha mbili kifuani, kuzizungusha na kuzichomeka ndani. Mwache arudie hadi mfuko usishuke hata akitembea. Afrika Kusini pia akina mama huwabeba watoto mgongoni kwa blanketi, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mtoto huyo ameshazoea kulala hivyo.

Siku mnayokwenda kituoni, mdogo wako atakuwa na machozi na hatasikia nusu ya anayoambiwa. Hapo daftari la mwalimu litafaa. Andika mtoto hulala saa ngapi na kwa upande gani, anakunywa maziwa ya aina gani na kwa kipimo gani, tundu la chuchu ya chupa ni la ukubwa upi, anaogopa nini, hunyamazishwa vipi, ameanza kula nini. Ombeni blanketi au nguo aliyolalia, na msiifue siku za mwanzo, hata kama harufu yake haikupendezi, kwa kuwa ni kitu pekee cha zamani alichobakiwa nacho. Ombeni pia kijitabu cha afya chenye chanjo zake. Maziwa msiyabadilishe kwa ghafla. Unga wa maziwa ukorogwe kwa maji yaliyochemshwa ambayo bado yana nyuzi 70 au zaidi, kisha chupa ipoozwe chini ya maji baridi ya bomba kabla ya kumpa.

Jambo moja husemwa kwa nadra, nasi tunaona afadhali ulisikie mapema: inawezekana mdogo wako asihisi upendo siku ya kwanza, wala wiki ya kwanza. Mtu aliyengoja miaka anaweza kumtazama mtoto na kuona mgeni, kisha akajichukia kwa kuona hivyo. Usimwambie kwamba amepata alichokitaka na sasa analia nini. Mpikie, mlazimishe aoge na atoke nje kidogo, mwambie kwamba hata waliozaa kwa tumbo lao huwapata hayo. Ikiwa huzuni haiondoki, hali chakula, halali hata mtoto anapolala, basi amwambie mtaalamu wa jamii anayefuatilia faili lake, bila kuogopa kwamba atanyang'anywa mtoto kwa sababu ameomba msaada.

Sasa taratibu zenyewe. Ubelgiji na Afrika Kusini zote mbili zimo katika Mkataba wa Hague wa tarehe 29 Mei 1993 unaolinda watoto wanaoasiliwa kati ya nchi na nchi. Mkataba huo ulianza kutumika Afrika Kusini mwaka 2003 na Ubelgiji mwaka 2005. Hayo ndiyo yaliyomfanya mdogo wako achukue miaka. Kwa sheria ya Ubelgiji ya tarehe 24 Aprili 2003, anayetaka kuasili hupitia maandalizi ya lazima, uchunguzi wa hali ya nyumbani kwake, na hukumu ya mahakama inayomtamka kuwa anafaa. Upande wa Afrika Kusini, Sheria ya Watoto ya mwaka 2005 inaruhusu mtu asiye na ndoa kuasili, kwa hiyo hali ya mdogo wako si kikwazo. Sheria hiyo humpa mzazi aliyekubali mtoto wake aasiliwe siku 60 za kubadili mawazo yake, na pia hutaka jina la mtoto likae siku 60 katika daftari la kitaifa ili kwanza itafutwe familia humo humo nchini. Ni pale tu inapokosekana ndipo mtoto anaweza kupewa mtu wa nje. Halafu mamlaka kuu, yaani ofisi zinazosimamia Mkataba huo katika nchi zote mbili, lazima zikubaliane kwamba kazi iendelee, kabla ya mtoto kukabidhiwa.

Mtakapokuwa Johannesburg, yatabaki kukutana na mtoto, kuzoeana naye chini ya macho ya mtaalamu wa jamii, kufika Mahakama ya Watoto, kuandikisha hukumu, kupata cheti cha kuzaliwa chenye jina jipya, pasipoti, na hati inayotajwa katika kifungu cha 23 cha Mkataba, inayothibitisha kwamba yote yamefanywa kwa kufuata Mkataba huo. Hukumu hiyo hutambuliwa na Mamlaka Kuu ya Shirikisho iliyo katika Wizara ya Haki ya Ubelgiji. Kila karatasi ina ofisi yake na foleni yake, na ndiyo maana hesabu ya wiki haiwi kamili. Nunua tiketi ya kurudi inayoweza kubadilishwa tarehe.

Siku ya mahakama usishangae ukiachwa kwenye benchi la ukumbini. Kesi za Mahakama ya Watoto husikilizwa faraghani, na huingia wahusika na walioruhusiwa tu. Kaa na maji, chupa ya ziada, nepi, na nakala za karatasi zote. Usimsimulie jirani yako wa benchini habari za mtoto, na usikubali kusimuliwa. Sheria ile ile ya Watoto ya Afrika Kusini inakataza kutangaza jambo lolote linaloweza kumtambulisha mtoto aliye katika kesi, na hapa tunakuomba uwe mkali kwa kundi la WhatsApp la ukoo. Picha moja ikiingia humo saa mbili usiku, kabla ya kulala imeshafika Likasi, Kolwezi na Brussels. Piga picha za kituo, za mlango wake, za walezi waliokubali kupigwa, andika jina la hospitali na mji aliozaliwa, kisha mkabidhi mdogo wako hizo zote. Ni mali ya mtoto. Siku akiuliza alikotoka, atahitaji zaidi ya maneno.

Kuhusu karatasi zako mwenyewe, pasipoti ya kawaida ya Kongo huhitaji visa ya Afrika Kusini kabla ya kusafiri, kwa hiyo omba mapema visa ya matembezi, ukiwa na barua ya mwaliko ya mdogo wako, anwani ya nyumba mtakayopanga na uthibitisho wa nani anagharamia. Sema ukweli katika fomu kwamba unamsindikiza ndugu yako. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano itaulizwa Luano, uwanja wetu wa ndege, na itaulizwa Johannesburg. Ikiwa hujachanjwa, chanjo hiyo huhesabika kuwa halali siku 10 baada ya kudungwa, na haina haja ya kurudiwa. Habari ya fedha zungumzeni waziwazi kabla ya kukata tiketi: nani analipa nyumba, chakula, tiketi ikibadilishwa. Dada wengi wamekosana kwa sababu ya jambo hili, nasi hatuna la kuongeza. Mtaa wa Yeoville, mjini Johannesburg, una Wakongo wengi na soko lao, hivyo ukitamani sombe hutakosa. Usisahau sweta, kwa kuwa mwezi wa sita na wa saba baridi ya huko huuma kuliko ya kwetu.

Zawadi kwa wakubwa wa kituo, hapana. Majirani wako wanasema kwa nia njema, na hapa kwetu mgeni asiyebeba kitu huonekana hana adabu, lakini kifungu cha 32 cha Mkataba kinakataza mtu yeyote kupata faida isiyostahili kutokana na kuasiliwa kwa mtoto, na kifungu cha 4 kinataka ridhaa ya wazazi isiwe imenunuliwa kwa malipo wala fidia ya aina yoyote. Bahasha unayoitoa kwa heshima inaweza kuandikwa katika ripoti kama jaribio la kuharakisha faili, na atakayeulizwa ni mdogo wako. Gharama halali zina risiti na hupitia kwenye shirika linalomsimamia. Ukitaka kuwashukuru walezi, muulize kwanza mtaalamu wa jamii, kisha, baada ya mambo yote kumalizika, peleka keki ya kula pamoja na maneno mazuri. Vilevile usijaribu kumtafuta mama aliyemzaa mtoto ili umshukuru. Kifungu cha 29 kinazuia anayeasili kukutana na wazazi wa mtoto au walezi wake kabla ya masharti ya msingi kutimia, na undugu wako na mwombaji haukuondoi katika katazo hilo.

Kaka yenu anastahili jibu lenye heshima, kwa sababu anayoyasema ndiyo yaliyowalea wengi wetu. Kwetu ndugu humpa ndugu mtoto amlee, na hakuna mahakama inayoitwa. Lakini mtoto huyo hubaki na baba na mama yake, hurudi likizo, na jina lake halibadiliki. Mwambie kaka kwamba Ubelgiji haiutambui mkataba wa sebuleni: hata mtoto wa ndugu yako wa tumbo moja, ukitaka kumwasili na kumpeleka huko, hupitia maandalizi yale yale, uchunguzi na hakimu, na swali la kwanza la hakimu litakuwa kwa nini mtoto mwenye baba na mama walio hai na wanaompenda aondolewe kwao. Tena huku kwetu, tarehe 25 Septemba 2013 serikali ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na watu wa nje, na familia nyingi zilibaki na hukumu mkononi huku watoto wao wakikaa miaka wakingoja, mpaka mwanzoni mwa mwaka 2016 mafaili mengi yalipofunguliwa. Mdogo wako hakuwakataa watoto wa ukoo. Alipita kwenye njia iliyokuwa wazi, na mtoto aliyemkuta humo hakuwa na mtu mwingine wa kumwita mama.

Habari ya damu, tungependa ulizungumze na kaka faraghani kabla ya safari, si baada yake. Mtoto akishafika, neno kama hilo likisemwa hata kwa mzaha mezani, halifutiki. Mwulize tu kama siku mtoto huyo atakapomwita mjomba ataitika. Tunadhani ataitika.

Mama yenu, bibi wa mtoto, ndiye anayetugusa zaidi, na jibu lake ni hapana, si sasa. Karatasi za mtoto zitatolewa ili atoke Afrika Kusini kwenda Ubelgiji pamoja na mama yake. Kumpitisha nchi ya tatu ni kufungua maswali mpakani ambayo hakuna anayeyahitaji. Na kwa mtoto mwenyewe, aliyebadilishiwa kitanda, lugha na harufu kwa mwezi mmoja, nyumba yenye watu arobaini wanaomshangilia ni mzigo. Mpigieni bibi simu ya video asubuhi mtoto akiwa ameshiba, kwa dakika chache, bibi amtamkie baraka zake na jina la ukoo kama amemwandalia. Hukumu ikishatambuliwa Ubelgiji na mtoto akawa na pasipoti na visa inayofaa, mdogo wako amlete Lubumbashi kwa utulivu. Tena, wewe usikubali kwa sababu yoyote ile kuvuka mpaka ukiwa peke yako na mtoto huyo, hata kama mdogo wako ataugua na wakakushauri umtangulie. Huna hati hata moja inayokuruhusu.

Wakishapanda ndege ya Ulaya utarudi nyumbani, na watu watakuuliza mtoto anafanana na nani. Wajibu unavyopenda. Mdogo wako mpigie baada ya wiki mbili au tatu, siku ambazo wageni wa Antwerpen watakuwa wamekwisha kupungua mlangoni, na umuulize kwanza yeye amelala vipi.

SWALI: Mimi ni dereva wa Ruashi. Mume na mke, wageni wanaokaa hapa Lubumbashi kwa muda, wameniomba mimi na mke wangu tuwasindikize hadi Zambia kupitia Kasumbalesa na mtoto mchanga waliyempata katika kituo kimoja hapa mjini. Wana barua ya mkurugenzi wa kituo yenye muhuri. Wanataka mke wangu ndiye ambebe mtoto mpakani, kwa kuwa ataonekana kama mama yake. Wanaonekana watu wazuri wanaompenda mtoto. Tufanyeje?

JIBU: Kataeni, ndugu yetu, na mkatae leo. Barua ya mkurugenzi wa kituo haimfanyi mtu kuwa mzazi. Nchini mwetu mtoto huasiliwa kwa hukumu ya mahakama, na Sheria Na. 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto imeiweka kazi hiyo mikononi mwa Mahakama ya Watoto. Sheria hiyo hiyo huadhibu vikali biashara ya watoto. Hata hukumu ikiwapo, mtoto hatoki nchini bila ruhusa ya Idara Kuu ya Uhamiaji. Ombi la mke wako kumbeba mtoto ili aonekane mama yake ndilo linaloeleza kila kitu: anayefuata sheria hahitaji mama wa kuigiza, na akishikwa mpakani atakayeonekana mwizi wa mtoto ni mke wako, si hao wageni.

Wema wao hatuupingi, maana hatuwajui. Lakini kumbuka watoto wa Gemena, ambao wazazi wao waliambiwa wanakwenda kambi ya likizo Kinshasa, kumbe walipelekwa Ubelgiji kwa familia zilizoamini kwamba wamepokea yatima. Familia hizo pia zilikuwa za watu wazuri wanaopenda watoto, na pande zote mbili, za huko na za hapa, zimelia. Mtoto aliye kituoni si lazima awe hana wazazi. Wengine wamewekwa hapo kwa sababu ya umaskini au ugonjwa wa mama, kwa nia ya kuja kuchukuliwa.

Waambieni wageni wenu wamtafute avoka, yaani wakili, na kupeleka ombi lao mbele ya hakimu wa watoto. Ikiwa wataendelea na mpango wa kwenda Kasumbalesa na dereva mwingine, nendeni Divisheni ya Masuala ya Jamii ya mkoa, au kwa polisi wanaoshughulikia ulinzi wa watoto, mkaeleze mlichoombwa, jina la kituo na tarehe ya safari. Kama mmekwisha kupokea malipo ya awali, rudisheni mbele ya shahidi.